MASTAA NA KEBO ZA "DHAHABU": SAUTI HAITOKI, HELA IMESHATOKA!

Kuna staa mmoja wa filamu hapa mjini, jina kapuni, siku hizi kageuka fundi wa TV. Kajirekodi sebuleni kwake, laptopu mezani, flati ya maana ukutani, mkononi kashika kebo ya HDMI yenye ncha za rangi ya dhahabu. Anasema ukiunganisha laptopu na TV kwa kebo za Kariakoo, picha inakuwa na ukungu na sauti haitoki. Dawa ni kununua kebo yake: laki moja na ishirini tu, mzigo mchache, wahi!

Hadi hapo ni biashara, kila mtu anatafuta ugali. Kilichochefua ni kilichofuata. Dada mmoja akaandika chini ya video kwamba hiyo kebo kainunua, kaunganisha, picha ipo kwenye TV ila sauti bado inatokea kwenye laptopu. Staa akamjibu mbele ya kadamnasi: "Tatizo TV yako ya kimaskini, tafuta ya maana." Mashabiki wakamshukia yule dada kama mwewe kaona kifaranga. Dada wa watu kafuta komenti, kakaa kimya.

Sasa ukweli ni huu, wadau. TV ya yule dada haina kosa. Ukiona picha imefika, kebo imepita na inafanya kazi. Kilichobaki ni laptopu kuendelea kutuma sauti kwenye spika zake yenyewe, kwa sababu haijaambiwa ipeleke kwingine. Kwenye Windows unabonyeza alama ya spika kona ya chini kulia, unafungua orodha ya vifaa vya sauti, unachagua jina la TV. Basi. Sekunde kumi, bure kabisa. Staa hakulijua hilo, na badala ya kusema hajui, akatukana umaskini wa mtu aliyempa hela yake.

Hapo ndipo penye ishu. Hawa watu hawauzi kebo, wanauza aibu. Kijana wa chumba kimoja Mbagala au Tandale anaogopa kuuliza asionekane mshamba. Staa anajua hiyo hofu, anaipiga bei.

Tuje kwenye hiyo "dhahabu" yenyewe. Kazi yake ni kuzuia kutu kwenye ncha za kebo. Haiongezi ung'avu wa picha hata chembe. HDMI ipo tangu 2002, na ilitengenezwa ibebe picha na sauti kwa pamoja katika waya mmoja, zote zikisafiri kama sifuri na moja. Zikifika zote, picha ni ile ile, iwe kebo ya laki au ya bei ya chipsi mayai sahani tatu. Zikipotea, hutaona "ukungu". Utaona vidoti vinamwekamweka, picha inakatika, au skrini inakuwa nyeusi tii. Hicho ndicho kipimo cha kebo mbovu.

Kuna mahali kebo bora ina maana? Ipo. Ukitaka picha ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde, kebo inatakiwa ihimili gigabiti 18 kwa sekunde. Na ukivuta waya kutoka chumba kimoja hadi kingine, mita kumi na kuendelea, kebo dhaifu inaweza kuzingua. Lakini mtu anayeangalia filamu ya 1080p, laptopu ikiwa juu ya meza chini ya TV, laki na ishirini ya nini?

Wauzaji wa vifaa nao wasijifiche nyuma ya staa. Kuna wanaomuuzia mtu mwenye laptopu ya zamani waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili, halafu akirudi kulalamika hakuna sauti wanamuuzia waya mwingine wa VGA! VGA ilitoka 1987 na inabeba picha tu. Sauti lazima ipite kwenye waya wake, kutoka tundu la hedifoni la laptopu kwenda kwenye TV au kwenye sabufa. Muuzaji anajua. Anakausha.

Wengine wanauza waya wa USB wakisema chomeka laptopu kwenye tundu la USB la TV, utaona kila kitu. Hutaona kitu. Tundu lile ni la kusoma flashi, si la kupokea skrini ya kompyuta.

Na anayeona "No Signal" asikimbilie dukani. Shika rimoti, bonyeza Source, chagua HDMI ile ile uliyochomeka, maana TV nyingi zina mbili au tatu. Bado? Kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, chagua skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Wengi mchezo unaishia hapo.

Timu ya staa itakuja na wimbo wa kila siku: "Wivu tu, mwacheni atafute maisha." Atafute, nani kamkataza? Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili hiyo. Sheria haisemi ukiwa na wafuasi wengi unaruhusiwa kudanganya. Kwanza mwenye wafuasi wengi ndiye wa kuchunga mdomo zaidi, maana akikosea anakosesha mji mzima.

Kama staa ni muungwana, jambo ni jepesi. Afute ile video, amrudishie yule dada hela yake, na amwombe radhi pale pale alipomtukania. Akishindwa, aseme mbele ya kamera hiyo dhahabu inaongeza nini kwenye picha.

Nawe ulishapigwa na kebo ya "dhahabu"? Au TV yako imegoma kutoa sauti? Tiririka hapo chini, weka aina ya laptopu na tundu zilizopo kwenye TV, wadau wakusaidie. Matusi ya umaskini peleka kwa staa.