Hedifoni ndani ya ndege: abiria tuelezwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mashirika ya ndege pamoja na wasafiri wenzangu wa Mwanza, hasa wafanyabiashara wanaopitia Dar es Salaam kwenda Dubai, Mumbai na Guangzhou kufuata mzigo.

Ndege nyingi za safari ndefu zina skrini nyuma ya kila kiti. Wengi wetu tunapenda kutumia hedifoni zetu wenyewe, kwa usafi na kwa sauti nzuri. Tatizo ni tundu. Tangu iPhone 7 itoke mwaka 2016 bila tundu la hedifoni, simu nyingi zimefuata mkondo huo na watu wamehamia kwenye Bluetooth. Skrini nyingi za ndege bado zinataka waya wenye pini ya milimita 3.5. Viti vingine vina matundu mawili, ukichomeka pini moja unasikia sikio moja tu. Nimemwona mama mmoja akitazama filamu bila sauti, hedifoni yake ya bei mbaya ikining'inia shingoni.

Mashirika yaandike kwenye tiketi aina ya tundu lililopo, na wahudumu watangaze kabla ya kupaa. Nasi abiria tubebe hedifoni ya waya, haina uzito wala gharama kubwa. Asiye nayo asifungulie simu sauti ya juu. Jirani yake naye amelipa nauli na anahitaji kupumzika.

Mkazi wa Kiseke,
Ilemela, Mwanza.