Mita Sitini za Mto Morogoro



Jumamosi iliyopita tuliufuata Mto Morogoro kwa miguu, kutoka mjini hadi Rock Garden, mahali unapoteremka toka Uluguru juu ya majabali. Kule juu ni kivuli na ubaridi. Huku chini tulirukaruka mifuko ya taka na matuta ya mchicha yaliyofika majini.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za ukingo. Twaona zingepandwa miti, ziwe njia ya kila mkazi kutembea. Lakini mwenye mchicha, ambaye pengine twaketi naye benchi moja kanisani, atafutiwe kwanza pa kulima.

Maji hayo huingia Ngerengere, kisha Ruvu, wanakochota wenzetu wa Dar es Salaam.