Programu-Dhibiti Huria: Suala la Lugha, Si la Wahandisi Peke Yao

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walinena wahenga. Aghalabu twaitumia methali hii tunapojadili mikopo na misaada ya kigeni. Mimi naiona ikisadifu pia kile kijisanduku chenye taa ndogondogo kinachotuletea mtandao majumbani, maktabani na katika kumbi za mihadhara, yaani ruta. Tumekinunua kwa fedha zetu, lakini programu-dhibiti iliyomo, ile inayokiongoza tangu kinapowashwa, kwa kawaida imefungwa. Hatuwezi kuisoma, kuirekebisha wala kuifunza Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba programu-dhibiti huria ni suala la lugha sawa na lilivyo suala la uhandisi, na mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kulikwepa.

Tuanze na historia. Mwishoni mwa mwaka 2002, kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta iitwayo WRT54G. Mwaka uliofuata, watayarishaji programu waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo unaotolewa chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuutumia mfumo na kuubadilisha, kwa sharti moja kuu: anayewagawia wengine zao la kazi hiyo lazima awape pia msimbo chanzo, yaani matini asilia ambamo programu hutokana. Kampuni ilidaiwa msimbo huo, nayo ikautoa. Hapo ndipo mradi wa OpenWrt ulipopata chimbuko lake mwaka 2004. Hadi leo mradi huo unaendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na unahudumia mamia ya aina za ruta na vifaa vingine vidogo.

Mtumiaji wa OpenWrt hapakuliwi chakula alichopikiwa na mwingine. Huteua vifurushi vya programu anavyovihitaji, akaviacha asivyovihitaji, kisha akaunda programu-dhibiti inayokitosha kifaa chake. Uteuzi huu una maana, kwani ruta nyingi za zamani zina hifadhi ya megabaiti 4 tu. Ukurasa wa kuiendesha ruta, uitwao LuCI, una jambo linalotuhusu moja kwa moja: maneno yake yamewekwa katika faili za tafsiri zilizotengwa na msimbo. Anayeyatafsiri si lazima awe mtayarishaji programu. Anachohitaji ni umilisi wa lugha, na subira ya kuelewa kila neno linafanya kazi gani. Wala hana haja ya kubisha mlangoni kwa mwenye kiwanda kuomba ruhusa, maadamu leseni imekwisha kumpa.

Huenda msomaji akauliza: kwani nani huufungua ukurasa wa ruta? Swali hili lina uzito. Wengi wetu hatuufungui kamwe, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi ulimwenguni kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Mwaka 2018, watafiti wa kampuni ya Cisco walikadiria kwamba nyingine, VPNFilter, ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54 au zaidi. Sidai kwamba Kiswahili pekee kingeyazuia mashambulizi hayo. Nasema tu kwamba mtu aliyepewa onyo kwa lugha asiyoimudu hajaonywa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Itakuwa kinaya iwapo lugha rasmi ya nchi itakosa usemi mbele ya kifaa kinacholinda mlango wa nyumba zetu.

Wapo wenzetu waliotangulia. Huko Mankosi, eneo la vijijini la Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, wenyeji walisajili ushirika wao wa mawasiliano mwaka 2014, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape. Walitumia vifaa viitwavyo Mesh Potato, ambavyo programu-dhibiti yake ilijengwa juu ya OpenWrt. Ushirika huo waliuita Zenzeleni. Mwanaisimu hahitaji mkalimani hapa: mna kirejeshi, mna mzizi wa kutenda, mna kauli ya kutendea, mna kiishio cha wingi. Ni Kixhosa, nacho chasema “jifanyieni”.

Nasi tunao mfano wa nyumbani Afrika Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Mradi huo ulithibitisha kwamba jambo hili lawezekana. Hata hivyo, tafsiri ya programu si kazi ya siku moja. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyotunzwa huchakaa. Ndiyo maana kazi hii yafaa kukaa mikononi mwa chama kinachopokea wanafunzi wapya kila mwaka, wala si mikononi mwa mtu mmoja mwenye ari.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mijadala yetu ya istilahi itoke kwenye karatasi. Tumebishana vya kutosha iwapo tuseme ruta au kipanganjia. Tuyaweke maneno hayo kwenye ukurasa wa ruta, tuwape watumiaji, kisha tusikilize watakaloshika. Pili, tushirikiane na wenzetu wa sayansi ya tarakilishi kuzifanyia majaribio ruta zilizokwisha kuachwa, kwa idhini ya wenyewe na kwa uangalifu, kwani programu-dhibiti isiyokifaa kifaa yaweza kukiua kabisa. Wao walete ujuzi wa msimbo, nasi tulete lugha. Leseni ilikwisha kutupa ruhusa zamani. Kilichobaki ni sisi kuitumia.