Ufunguo wa Pili Uko kwa Nani?



Ndugu msomaji, juma hili safu yetu inaingia katika jambo ambalo kwa jina laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini kwa hakika linawahusu wazazi, walimu na wanakamati. Ni habari ya lango moja la kuingilia katika mifumo yote ya taasisi, lango ambalo taasisi imelijenga na kulilinda yenyewe. Nalieleza kwa sababu limetufika sisi wenyewe, na kosa lililotokea lilikuwa letu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule moja ya jumuiya, yenye chekechea, shule ya msingi na madrasa ya jioni. Kwa miaka michache tuliongeza mfumo juu ya mfumo: wa ada, wa matokeo ya mitihani, wa maktaba, wa masomo ya mtandaoni, wa kuhifadhi nyaraka na wa barua pepe. Mifumo sita, na kila mwalimu alitakiwa kukumbuka maneno ya siri sita. Baadhi yao waliyaandika kwenye karatasi wakaibandika ukutani. Wengine walitumia neno moja kila mahali, hivyo likivuja katika mfumo mmoja, yote sita imevuja.

Lililotuamsha, hata hivyo, ni simu. Mwalimu mmoja alikuwa ametuaga kwa wema akaenda kufanya kazi mkoa mwingine. Miezi mitano baadaye alimpigia mwalimu mkuu, akamwambia: "Shikamoo mwalimu. Naona bado naweza kufungua kumbukumbu za watoto, nimeona si vizuri nikae kimya." Tulikuwa tumefunga akaunti yake katika mifumo miwili, tukasahau minne. Majina ya watoto, simu za wazazi, maradhi ya baadhi ya wanafunzi na madeni ya ada, yote yalikuwa wazi kwa mtu asiyekuwa tena mwajiriwa wetu. Alhamdulillah, alikuwa mwaminifu. Lakini usalama wa watoto hauwezi kujengwa juu ya bahati ya kumpata mtu mwema.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Na hata kabla ya sheria hiyo, taarifa ya mtoto wa mwenzako ni amana.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu, msomi wa kompyuta, akajitolea kutujengea lango moja. Namna linavyofanya kazi yaweza kufahamika kwa mfano wa hospitali kubwa. Mgonjwa hujieleza mara moja mapokezi, akapewa karatasi yenye mhuri. Akifika maabara au dirisha la dawa, hakuna amwulizaye upya yeye ni nani. Wanautazama mhuri, basi. Vivyo hivyo, mwalimu hulitoa neno lake la siri langoni tu. Lango likishamtambua, humpa kibali cha muda mfupi chenye saini ya kidijitali, na mfumo wa ada au wa maktaba huihakiki saini ile bila kulijua kamwe neno la siri. Siku mwalimu akiondoka, akaunti yake hufungwa mahali pamoja. Hapati kibali kipya cha mlango wowote, na vile alivyokuwa navyo hufa muda wake ukiisha.

Fikra hii si ngeni. Chuo cha MIT cha Marekani kilibuni mfumo wa namna hii, Kerberos, katika miaka ya 1980, ili wanafunzi wake wajitambulishe mara moja na kutumia huduma nyingi za chuo. Utaratibu unaotumiwa sana leo, uitwao OpenID Connect, ulikamilishwa mwaka 2014. Nawe msomaji yamkini umeshautumia pasipo kuujua, kila ulipobonyeza kitufe cha kuingia mahali kwa akaunti ya Google.

Yumkini utauliza: kwa nini basi tusiyaachie makampuni makubwa kazi hiyo? Swali ni la haki, na kwa wengi jibu ni kwamba wayaachie. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipozimika kwa takriban saa sita, watu waliokuwa wakiitumia akaunti yake kuingilia huduma nyingine walijikuta wamefungiwa nje ya huduma hizo pia, ingawa zenyewe zilikuwa nzima. Anayekushikia ufunguo, tatizo lake huwa lako. Kamati yetu ikaona ni bora majina ya walimu na wazazi yakae katika seva tunayoikodi na kuisimamia wenyewe. Programu za kazi hii zipo, tena ni programu huria zisizolipiwa leseni. Keycloak na Authentik ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi.

Programu hizo hufungashwa katika kontena. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kufafanuliwa neno hilo, kwa kuwa limetoka bandarini. Kabla ya makontena, shehena ilipakuliwa gunia kwa gunia. Kontena lilipokuja, mzigo ukawa unafungwa mara moja na kuhamishwa kutoka merikebu hadi lori bila kufunguliwa. Mafundi wa programu wakauchukua mfano huo, na tangu Docker ilipotolewa mwaka 2013 umeenea kote. Programu hufungwa pamoja na kila inachokihitaji, ikafanya kazi vilevile katika kompyuta ya fundi na katika seva ya kukodi. Kwetu yalikuwa makontena mawili: moja lenye programu ya lango, na jingine mbele yake kama bawabu, likipokea wageni kwa mawasiliano yaliyofumbwa.

Siku fundi wetu alipotuonyesha kazi yake, kamati nzima ilifurahi isipokuwa mweka hazina wetu, mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa benki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, ufunguo huu ukipotea, wa pili uko kwa nani?"

Kijana akajibu kwa adabu, "Mama, hauwezi kupotea. Ninao mimi." Tukacheka, tukafunga kikao kwa dua. Nakiri kuwa nami nilicheka.

Miezi minane ikapita kwa raha. Kisha kijana akapata nafasi ya masomo nje ya nchi. Jumamosi moja, akiwa huko huko, aliamua kuliweka toleo jipya la programu ya lango. Aliliondoa kontena la zamani, akaliwasha jipya. Lango likafunguka, safi kabisa, bila jina la mtu hata mmoja.

Kontena lina tabia ambayo asiyeijua itamwadhibu. Kilichoandikwa ndani yake hudumu maadamu lenyewe lipo. Likiondolewa, nacho huondoka, isipokuwa kiwe kimewekwa katika hifadhi iliyo nje yake. Kijana alikuwa ameiwasha programu kwa namna ya majaribio, ambayo huweka orodha ya watumiaji humo humo ndani ya kontena. Alikusudia kuirekebisha baadaye, na baadaye haikufika. Nakala ya akiba haikuwapo.

Matokeo ya muhula yalipaswa kutoka Jumatatu. Matokeo yenyewe yalikuwa salama katika mfumo wake, lakini mlango wake ulimjua bwana mmoja tu, yaani lango, na lango halikumjua tena mtu yeyote. Wazazi waliokuwa wakisubiri kujua kama watoto wao wamevuka darasa waliambiwa wangoje. Tuliwaandikisha upya walimu na wazazi kwa mkono, mmoja mmoja, kwa siku tisa. Kijana alilia katika simu. Hatukumlaumu peke yake, kwa sababu tulioulizwa swali la mama yule tukacheka tulikuwa wengi.

Tangu hapo nimekuwa nikiufikiria ufunguo wa Al-Kaaba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoifungua Makka katika mwaka wa 8 wa Hijra, aliurudisha ufunguo ule kwa Uthman bin Talha, na hadi leo uko katika ukoo wa Bani Shaiba. Ufunguo ni mmoja, mlango ni mmoja, na karne zimepita zaidi ya kumi na tatu. Kila mshika ufunguo amefariki dunia kama wanadamu wote, lakini amana haikufa naye, kwa kuwa ilijulikana baada yake anayefuata ni nani. Taasisi zetu nyingi zina mtu mmoja hodari asiyekuwa na anayemfuata.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio katika kamati za shule, zahanati na jumuiya, mkitaka kujenga lango lenu, shikeni haya tuliyojifunza kwa gharama. Orodha ya watumiaji ikae katika hifadhidata iliyo nje ya kontena la lango, na hifadhi yake isitegemee uhai wa kontena lolote. Nakala ya akiba itolewe kila siku na kupelekwa mahali pengine, kisha kila baada ya muda ijaribiwe kurejeshwa, maana nakala isiyowahi kujaribiwa ni dhana tu. Toleo jipya lisiwekwe kabla ya kulijaribu pembeni, wala siku ya kuelekea mitihani. Wasimamizi wa lango wawe wawili kwa uchache, na kila mmoja atakiwe kuthibitisha kwa hatua ya pili baada ya neno la siri, kwa sababu atakayeiba ufunguo wao ameiba milango yote. Akaunti moja ya dharura iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa na kusainiwa, ikae ndani ya kasha la mweka hazina. Na kila anayeondoka kazini, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Na kama mna mifumo miwili tu, wala hamna mtu wa kulilinda lango mwaka hadi mwaka, basi msilijenge. Mlango usio na mlinzi ni afadhali usiwepo.

Lango letu limesimama tena, nalo lina walinzi wawili: yule kijana, na binti mmoja mwalimu wa hisabati aliyefundishwa naye kwa simu jioni baada ya jioni. Mwezi uliopita binti huyo alilibomoa lango la majaribio kwa makusudi na kulirejesha kutoka katika nakala, mbele ya kamati nzima. Mweka hazina alikuwa amekaa mbele, saa yake mkononi. Lilipofunguka na majina yote yakaonekana, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua mkoba wake, akatoa bahasha na kusema, "Sasa niandikieni ule wa akiba, nikauweke."

Wabillahi tawfiq.