Goma: Umeme ukikatika katikati ya mchezo, mteja amlalamikie nani?

Katika vyumba vya PlayStation vya mitaa ya Goma, ugomvi wa usiku mara nyingi hauhusu penalti wala kadi nyekundu. Unahusu umeme. Timu moja inaongoza mabao mawili kwa moja, zimebaki dakika chache, ghafla skrini inakuwa nyeusi. Aliyekuwa akiongoza anadai ameshinda. Mwenzake anasema mchezo haukuisha, kwa hiyo halipi. Mwenye chumba naye anasema umeme wake umeshatumika, walipe wote wawili.

Kwa mtu aliyezoea kusikia Goma ikitajwa kwa mabomu na wakimbizi, hayo ni mambo ya watoto. Lakini mji huu una vijana wengi wanaoishi na teknolojia kila siku: wanaotengeneza simu, wanaojaza filamu kwenye flashi, wanaohariri video za harusi, wanaocheza mpira wa skrini ambao wengi bado wanauita FIFA ingawa kampuni ya EA iliacha jina hilo mwaka 2023. Malalamiko yao yanafanana na ya mteja yeyote duniani: huduma mbovu, makato yasiyoeleweka, bidhaa isiyofanya kazi. Tofauti ni kwamba kila lalamiko la Goma, ukilifuata hadi mwisho, linakufikisha kwenye mlango uliofungwa au kwenye ofisi iliyo mbali sana.

Mji wa nyaya nyingi

Tuanze na huo umeme. Goma haina muuzaji mmoja. SNEL, shirika la serikali, hutegemea mitambo ya mto Ruzizi upande wa Bukavu. Virunga Energies, iliyotokana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, huleta umeme wa maji kutoka Matebe wilayani Rutshuru, kituo cha takriban megawati 13 kilichozinduliwa Desemba 2015. Nuru, kampuni binafsi, ilifungua mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3 huko Ndosho. Ipo pia Socodee. Kwa miaka michache mji huu ulikuwa na kitu ambacho miji mingi ya Congo haina: mteja wa umeme mwenye nafasi ya kulinganisha. Anayetafuta nyumba ya kupanga anaweza kuuliza waya wa nani unapita hapo kabla ya kuuliza kodi.

Ushindani huo uliwapa watu mita za kulipia kabla na saa nyingi zaidi za taa, lakini haukuweza kuwalinda na vita. Njia ya umeme kutoka Matebe inapita katika eneo ambalo limepiganiwa mara nyingi. Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la AFC/M23 lilipoingia mjini, umeme ulikatika, na maji nayo yakakatika kwa sababu pampu zinautegemea umeme huohuo. Intaneti ikapotea. Watu walioishi siku zile wanajua thamani ya betri ya akiba ya simu kuliko mtangazaji yeyote wa bidhaa.

Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo wapenzi wa teknolojia hupenda kulisimulia. Kuanzia mwaka 2020, Hifadhi ya Virunga ilitumia umeme wa kituo chake cha Luviro, wilayani Lubero, kuendesha kompyuta zinazochimba bitcoin. Maelezo yalikuwa kwamba utalii umekauka, fedha zinahitajika, na umeme wa pale bado haujapata wateja wa kutosha karibu. Kibiashara hoja hiyo ina mantiki. Hata hivyo, kwa kijana wa Goma anayetafuta tundu la kuchajia simu, ni vigumu kusikia kwamba mto wa mkoa wake unatengeneza sarafu ya mtandaoni bila kutabasamu kidogo.

Nchi isiyokuwepo kwenye orodha

Umeme ukirudi, mchezaji anakutana na kero ya pili. Kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation Network ya Sony, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haimo. Anayetaka kufungua akaunti ili acheze mtandaoni au anunue mchezo hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine, mara nyingi Ufaransa kwa sababu ya lugha. Anakuwa mteja kwa njia ya uongo. Akipata tatizo na akaunti, atalalamika vipi, na yeye mwenyewe amekwisha kuvunja masharti siku ya kwanza?

Mwezi wa Mei 2024 wachezaji wa dunia waliligundua jambo hilo kwa ghafla. Sony ilitaka wote waliokuwa wakicheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation. Mara ikaonekana kwamba katika nchi zaidi ya 100 akaunti hiyo haipatikani kihalali, na mchezo ukaondolewa sokoni huko. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walipiga kelele, wakajaza maoni mabaya, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma. Mshindo huo ulisaidia mchezo mmoja. Orodha ya nchi ilibaki na mapengo yake, na Congo ikabaki nje.

Uchungu wake ni huu: mashine hizo, kama simu, zina vipuri vidogo vinavyotumia tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Rubaya, wilayani Masisi, safari fupi kutoka Goma, inakadiriwa na Umoja wa Mataifa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, na migodi yake imekuwa mikononi mwa M23 tangu 2024. Kijana wa Goma yupo mwanzoni mwa mnyororo wa bidhaa hii, lakini dukani hatambuliwi. Hata serikali ya Congo, ilipotaka kuishtaki kampuni kubwa ya simu kuhusu madini hayo, iliyapeleka malalamiko yake dhidi ya matawi ya Apple huko Paris na Brussels, Desemba 2024. Apple ilikanusha tuhuma hizo.

Mtandao wa jirani

Goma na Gisenyi ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka. Simu haijui mpaka. Ukiwa karibu na Birere, inaweza kuushika mtandao wa Rwanda bila kukuuliza, na salio likaliwa kwa bei ya mgeni. Ndiyo sababu wengi hutembea na laini mbili, ya Congo na ya Rwanda, na huangalia ipi ina nguvu kabla ya kufungua video.

Tozo hizo za ugeni zingeweza kupungua. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 mpango wa eneo moja la mtandao ili mtu akivuka mpaka asilipe gharama kubwa. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Wakongomani wa mashariki walitarajia manufaa ya aina hiyo kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaovuka kila siku. Hayakuja. Badala yake ikaja vita, na uhusiano wa Kinshasa na Kigali ukaharibika kiasi kwamba bei ya kupiga simu ng'ambo ya kizuizi haikuwa tena ajenda ya mtu.

Serikali yenyewe nayo ina historia ya kuzima. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilifungwa nchi nzima kwa takriban siku 20. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache tu baada ya Goma kuanguka, mitandao ya X na TikTok ilizuiwa nchini. Kwa Goma hilo lilikuwa pigo la pili: vita vilikuwa vimekata mtandao, na ulipoanza kurudi, watu wakakuta kurasa hazifunguki. Programu za VPN ziligeuka kuwa kitu cha kila nyumba. Wazee ambao hawajawahi kubadili mlio wa simu walijifunza kuchagua nchi ya kujifichia.

Dola yenye tundu

Kero iliyo ngumu kuliko zote ni ya malipo, na ndiyo inayowagusa hata wasiopenda teknolojia. Congo hutumia dola pamoja na faranga, lakini dola yenye mchaniko mdogo au tundu la sindano hukataliwa dukani. Mtu anaweza kuwa na noti halali kabisa mfukoni na asiweze kununua chaja. Marekani iliyoichapisha haina tatizo nayo. Muuzaji wa Goma analo, kwa sababu anajua anayefuata naye ataikataa.

Benki zilipofunga milango Januari 2025, hali ilibana zaidi. Kwa miezi mingi fedha za simu, yaani M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, zikawa ndiyo benki ya mji. Mshahara unaingia kwenye simu, ada ya shule inatoka kwenye simu. Tatizo lilikuwa kuipata fedha mkononi. Noti zilikuwa chache, faranga zilizobaki zilichakaa, na wakala alikata zaidi ya tozo rasmi kwa sababu na yeye aliitafuta fedha kwa shida. Dola 100 kwenye skrini hazikuwa dola 100 mkononi. Wenye uwezo walivuka kwenda Gisenyi kutafuta benki. Aprili 2025 utawala wa M23 ulifungua tena CADECO, mfuko wa akiba wa serikali, lakini benki ya aina hiyo iliyokatwa na Benki Kuu ya Kinshasa haiwezi kuujaza mji fedha.

Ni kweli kwamba kampuni za simu ziliusaidia mji usisimame kabisa. Pia ni kweli kwamba mteja aliyekatwa zaidi hakuwa na pa kwenda. Wakala anamlaumu msambazaji, msambazaji anailaumu benki, benki imefungwa.

Kelele zilizowahi kufaa

Haikuwa hivyo siku zote. Septemba 2020 serikali ilianzisha RAM, sajili ya simu iliyosimamiwa na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano. Mwenye simu ya kawaida alikatwa dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au zaidi, dola 7. Makato yalifanyika kimyakimya kwenye salio: mtu anaweka vocha asubuhi, akitaka kupiga anakuta sehemu imeondoka. Maelezo rasmi yalikuwa kupambana na simu bandia na zilizoibiwa. Wateja hawakuyaamini.

Upinzani ulikuwa wa nchi nzima. LUCHA, vuguvugu la vijana lililozaliwa Goma mwaka 2012, lilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Wabunge walimbana waziri husika, Augustin Kibassa, na mwanzoni mwa 2022 tozo hiyo ikaondolewa. Ni mfano adimu katika nchi hii wa mteja wa kawaida kuishinda tozo bila risasi hata moja. Ulifanikiwa kwa sababu kulikuwa na anuani: waziri anayeweza kuitwa bungeni, mamlaka yenye jina, gazeti linaloweza kuuliza, na mtu wa Goma aliyehesabiwa kuwa raia sawa na wa Kinshasa.

Tangu Januari 2025 anuani hiyo imegawanyika. Sheria za mawasiliano bado zinaandikwa Kinshasa, kampuni za simu bado zina leseni za Kinshasa, lakini anayetawala barabara, forodha na usalama wa mjini ni AFC/M23. Mwenye mnara wa simu lazima azungumze na pande zote mbili, na mteja hana hakika hata na mmoja. Kulalamika hadharani, jambo lililokuwa sehemu ya tabia ya Goma hata katika miaka mibaya, sasa mtu hulifikiria mara mbili, kwa kuwa lalamiko kuhusu bei linaweza kusomwa kama lalamiko kuhusu utawala.

Mfano wa Starlink unaonyesha mkanganyiko huo vizuri. Rwanda iliikaribisha huduma hiyo ya setelaiti mwaka 2023. Congo iliipiga marufuku Machi 2024, baada ya maofisa wa jeshi kuonya kwamba makundi ya waasi, M23 likiwamo, yangeweza kuitumia. Mei 2025 ARPTC ikabadili msimamo na kuipa leseni ya kufanya kazi nchini. Wapenzi wa teknolojia walikuwa wameisubiri kwa hamu. Ila leseni hiyo ilitoka zaidi ya miezi mitatu baada ya mamlaka iliyoitoa kupoteza udhibiti wa Goma. Mkazi wa mji huu anayetaka kuitumia kihalali anatakiwa alipie kwa kadi wakati benki iliyotoa kadi hiyo imefunga milango, aagize kifaa wakati uwanja wa ndege umefungwa, na akipitishe kwenye kizuizi cha mpakani ambako ushuru haukusanywi na serikali iliyoitoa leseni.