Mgonjwa asinyimwe kitafunwa, apewe kinachomfaa

Ukipanda basi Mbinga mjini kushuka Mbamba Bay, kabla gari halijaondoka utakuwa umeshaletewa dirishani maandazi, biskuti, karanga za chumvi na soda. Abiria mwenye afya anachagua anachotaka. Mwenye kisukari au presha, aliyetoka kliniki na kadi yake mkobani, anabaki kutazama. Njaa ikimzidi ananunua andazi, analila kwa kujificha, na akifika nyumbani hasemi.

Kosa si lake peke yake. Tumezoea kumpa mgonjwa orodha ya makatazo: acha sukari, acha chumvi, acha mafuta. Tunasahau kumwambia ale nini. Katazo lisilo na mbadala halidumu, hasa kwa mtoto anayeona wenzake wakigawana keki siku ya komunio ya kwanza.

Mzazi, usidhani kitafunwa ni anasa. Mtoto anayetumia insulini akikaa muda mrefu bila kula, sukari yake inaweza kushuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Kwa hiyo swali si kama ale, bali ale nini na kwa kiasi gani.

Vinavyofaa havihitaji duka kubwa. Milima ya Umatengo ina maharage, mahindi na parachichi. Ziwa Nyasa lina usipa, na mwambaoni mihogo haikosekani.

Anza na usipa. Nunua waliokaushwa juani bila chumvi. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu kuondoa mchanga, wachuje, kisha wakaushe kwenye kikaangio bila mafuta, moto mdogo, hadi wavunjike kwa vidole. Kamulia limau, tia pilipili kama unaipenda. Konzi moja inashibisha, inajenga mwili, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, inaleta kalisi.

Pili, bagia za kunde. Loweka kunde usiku, asubuhi zimenye na uzitwange pamoja na kitunguu, tangawizi na karoti iliyokwaruzwa. Badala ya kuzizamisha kwenye mafuta, paka kikaangio mafuta kidogo, tandaza rojo kama chapati ndogo, geuza upande wa pili ukikauka. Hazina sukari wala unga wa ngano, na mtoto anaweza kuzibeba shuleni.

Tatu, muhogo wa kuchemsha badala ya wa kukaanga. Kumbuka ni wanga: kipande kisizidi ngumi yako, na ule pamoja na maharage au usipa. Muhogo mchungu una sumu, hivyo usiuchemshe tu na kuula; hatua za kuuloweka na kuukausha zisirukwe.

Nne, nusu ya parachichi kwa limau, bila chumvi wala sukari. Lakini kama figo zako zina tatizo, muulize daktari kwanza, maana parachichi, ndizi na maharage vina potasiamu nyingi.

Karanga za kukaanga bila chumvi nazo zinafaa, konzi moja tu. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe nzima, zinaweza kumkaba. Mwenye mzio wa karanga asizionje kabisa.

Usidanganyike na asali. Inapandisha sukari mwilini, hata ikiwa ya porini. Juisi vilevile, heri kipande cha papai kuliko glasi ya juisi yake. Soda ya kawaida ya mililita 350 hubeba karibu vijiko 9 vya chai vya sukari. Na kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye mboga na mkate.

Kuna wakati sukari yenyewe ndiyo dawa. Mwenye kisukari akitetemeka, akatoka jasho jingi au akaanza kuchanganyikiwa, mpe haraka vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15. Asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Hivyo walimu wa Mbinga na Nyasa nao wanahusika. Mtoto mwenye kisukari aruhusiwe kula kitafunwa chake darasani saa yake ikifika, na mwalimu ajue sukari yake ya dharura iko wapi.

Wewe mzazi, usimpikie mgonjwa sufuria yake ya pembeni. Bagia hizo hizo ziliwe na nyumba nzima. Siku ya kliniki, nenda na orodha ya anachokula, mjadiliane na mtaalamu, na usibadilishe dozi ya dawa au insulini bila ushauri wake.