Kufungia Kabatini Si Kulinda

Wako walimu wanaoamini kwamba kifaa cha maabara kikibaki bila mkwaruzo kwa miaka kumi, basi kimetunzwa vema. Imani hiyo naipinga, nami nitachukua mfano mmoja tu, wa kipima mwendo cha mishale, maana ndio uniudhio zaidi.

Chuo kimoja cha ualimu, ambacho jina lake naliacha, kilipata kifaa hicho kwa ajili ya somo la fizikia. Ni kisanduku chenye macho mawili yanayotazama juu. Mshale ukipita, kivuli chake huangukia jicho la kwanza, kisha la pili. Saa iliyomo ndani huhesabu muda kati yake, na mwendo huonekana kwa tarakimu. Wanachuo walichonga pinde, wakaanza mazoezi. Siku ya tatu mshale ulipita chini mno, ukakwaruza pembe ya kisanduku. Amri ikatoka: kifungiwe! Miaka kadhaa baadaye nilialikwa pale kuzungumza na wanachuo, nikaomba kukiona. Betri zilikuwa zimevujia ndani na vyuma vimeota kutu ya kijani. Mishale ilikwaruza, kabati liliua.

Nitaambiwa kwamba vifaa ni ghali na wanachuo ni wazembe. Ghali ni kweli. Lakini dawa ya mshale ni ubao, wala si kufuli. Simamisha ubao mnene wa mwembe mbele ya kisanduku, upande wa mpigaji, ukingo wake wa juu uwe chini kidogo ya njia ya mshale. Anayelenga chini atapiga ubao. Vile vijiti vya chuma vinavyoshikilia kivuli juu ya macho, viondoe, uweke vya mwanzi mwembamba. Kikivunjika, chonga kingine.

Tena, usikiweke kifaa mdomoni mwa upinde. Mshale ukiachiliwa haunyooki papo hapo. Hupindapinda kwa mita chache za mwanzo, na mkia wake wenye manyoya waweza kugonga kitu ambacho ncha imekikwepa. Wala usikipeleke mbali, kwani huko kosa dogo la mkono limekwisha kuwa kubwa. Hatua tatu au nne zatosha. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, na mtu asivuke mstari kwenda kusoma tarakimu mpaka pinde zote zimewekwa chini. Hili la mwisho silijadili na yeyote. Kifaa hununuliwa kingine, jicho la mtoto halinunuliwi.

Kwa nini nang'ang'ana hivi? Kwa sababu mwanachuo huyo kesho atasimama mbele ya watoto wa hapa Mkunya, ambao wamekwisha kulenga ndege kwa manati kabla hawajajua kusoma. Mshale wa gramu 25 ukienda mita 40 kwa sekunde una nishati ya jouli 20, karibu sawa na kuinua kilo moja mita mbili juu. Mwalimu aliyeyapima hayo kwa mkono wake atayafundisha kwa ushujaa. Asiyeyapima ataandika kanuni ubaoni, awaambie wakariri, kisha tulalamike kwamba watoto wetu hawapendi sayansi!

Na wasio na kifaa wasijifiche nyuma ya umaskini. Mwingereza Benjamin Robins alieleza mwaka 1742 jinsi ya kupima mwendo wa risasi kwa gogo lililoning'inizwa: unapima jinsi linavyobembea likipigwa. Nasi tuning'inize kisanduku cha mchanga cha kilo mbili. Mshale ule ule ukizama ndani yake utakiinua kama sentimita moja na robo. Mwendo hupatikana kwa hesabu ya kidato cha nne. Hapo hakuna cha kuvunjika ila kamba.

Ubao wa mwembe fundi yeyote wa huku huuranda asubuhi moja. Wakuu wa vyuo wauagize kabla hawajaagiza kufuli nyingine.